Posa Iliyotua Nyumba ya Jirani

Misima, Handeni
23 Juni 2024

Mjukuu wangu Yusra,

Salaam nyingi. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Anayeniandikia ni Salome fundi cherehani. Nimemkuta anashona sare za shule, nikamwambia weka kando kwanza. Amenuna lakini anaandika. Nimemwambia aandike kila ninachosema asinipunguzie, maana barua ya mwaka jana nilisema tangu adhuhuri mpaka alasiri, ikatoka karatasi moja. Nikamuuliza mengine yamekwenda wapi, akasema nilikuwa narudia. Kama narudia si kwa sababu nataka yasikike?

Ile simu uliyoninunulia ipo, nimeifunga kwenye kitambaa isiingie vumbi. Lakini simu mtu akishasema, basi, maneno yameisha. Barua nasomewa hata mara tatu.

Huku mbuzi wa Mhina wameingia tena kwenye mihogo yangu. Nimemwambia mwaka huu ugali wa bada nitakula nyumbani kwake, maana ndiko mihogo ilikokwenda. Lakini siyo hilo lililonileta.

Mdogo wako Hussein anataka kuoa. Binti anaitwa Munira, kwao Magoma, kule Korogwe bondeni kwenye mpunga. Nikamuuliza umemwona wapi, akasema kwenye simu. Nikamuuliza, na hiyo simu inaonyesha mpaka miguu? Akacheka, kwa hiyo inaonyesha. Mshenga wetu ni babu yako mdogo Sadala, na mimi nitafuatana nao. Wanaume wamesema mwanamke haendi na posa. Nikawaambia ile posa ya binamu yako Ramadhan mlikwenda peke yenu, mkarudi hamjui kama mmekubaliwa au mmefukuzwa. Nakwenda.

Na wewe mwezi wa pili huu hujaja. Najua kuendesha ndege siyo kuendesha bodaboda, hata kama wewe ni rubani msaidizi tu. Lakini kila ndege ikipita hapa natoka nje napunga kanga. Mhina anasema hizo haziongozwi na wewe. Yeye ameangalia ndani?

Bibi yako,
Fatu (hilo doa ni dole gumba langu, siyo mafuta)


Magoma, Korogwe
28 Juni 2024

Dada Salome,

Karatasi hii ya juu ni yako, usimsomee bibi. Barua yake uliyoitia kwenye basi nimeipata hapa Magoma kwa Serafina, yule mwalimu niliyesoma naye sekondari. Tangu nisimamishwe kazi mwezi wa tano bado nipo kwake, na bado sijui nimwambieje bibi. Akisikia siruki atajua kuna jambo, na akijua kuna jambo atakuja. Sasa anasema posa ya Hussein inakuja huku huku. Siku hiyo nitajifungia ndani.

Karatasi ya pili ndiyo ya kumsomea. Pale juu palipo wazi sema Dar es Salaam.

Yusra


28 Juni 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Mimi sijambo, kazi ni nyingi mno. Juzi tulipita juu ya mawingu, yalikuwa kama pamba imeanikwa. Jumanne saa nne asubuhi kama uliona ndege ikiyumbisha bawa, ilikuwa salamu yako. Kuhusu posa nimefurahi, ila siku hiyo nitakuwa mbali sana. Wasalimie wote.

Mjukuu wako,
Yusra


Misima, Handeni
7 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Niliiona. Jumanne saa nne nilikuwa natwanga, nikasikia inavuma, nikapunga, ikayumba. Nimemwapia Mhina kwamba ni wewe, mwenyewe akaja kuziba uzio wa mihogo yangu.

Posa ni Jumamosi hii, tarehe kumi na tatu. Tumekodi Noah. Tunakwenda watu watano, na mimi mbele kwa dereva kwa sababu ya magoti. Hussein haji. Bwana harusi hafuatani na posa yake, hilo hata wewe unalijua, japo yeye alitaka kujificha siti ya nyuma. Ametuelekeza: mkivuka mfereji mtaona nyumba za bati la bluu, ingieni ya pili, mtakuta uwanja umefagiwa, mikeka imetandikwa na watu wamekaa wanawasubiri. Nikamwambia Sadala tumwite Salome aandike. Sadala akasema posa haiandikiwi ramani, nyumba yenye mikeka utaijua kwa macho.

Nimeazima viatu vya Salome. Vinanibana, lakini kwenye posa unavua mlangoni, kwa hiyo ni mateso ya njiani tu.

Ukiwa huko juu Jumamosi asubuhi tuangalie.

Bibi yako,
Fatu


Misima, Handeni
15 Julai 2024

Yusra,

Usiniamkie. Shikamoo yako kaa nayo.

Nataka nikueleze yaliyotokea Jumamosi, ingawa ulikuwepo, kwa sababu wewe uliyaona ukiwa nyuma ya pazia na mimi niliyaona nikiwa nimekaa juu ya mkeka, na kwenye mkeka ndiko kulikokuwa na aibu.

Tulivuka mfereji. Tukaona bati la bluu. Sadala akahesabu moja, mbili, akasema hii hapa. Sasa nafahamu, alihesabu na lile banda la kuku. Uwanja umefagiwa. Mikeka imetandikwa. Watu wamekaa, wanaume upande huu, wanawake upande huu, kimya, wenye adabu. Walipotuona wakasimama wote, wakatupa nafasi ya mbele. Chai ikaja, na maandazi. Nikasema moyoni Hussein amepata wakwe. Kumbe ni Wakatoliki, jumuiya yao ya Jumamosi, walikuwa wanasali kwa mwalimu Serafina. Wakaona wazee wa Kiislamu wenye kanzu wanaingia, wakafikiri ni wageni, na mgeni haulizwi umefuata nini kabla hajanywa.

Na Sadala naye unamjua. Kwenye posa hatutaji jina mpaka wenyeji waitikie mara tatu, ndiyo heshima. Akasimama akasema, "Jogoo wetu kila asubuhi anawika akiangalia upande huu, tumekuja kuona kuna nini." Wakaangaliana. Mwenyekiti wao, mzee mmoja anaitwa Valentino, akauliza polepole kama tunamtafuta tetea. Sadala akasema ndiyo, na tumesikia yumo humu. Valentino akavua kofia. Akasema, "Yumo. Tunamwombea apate mume mwaka wa sita sasa."

Vigelegele vikapigwa. Mwalimu Serafina alikuwa ameshika birika, akakaa nalo chini. Mama mmoja akaanza kulia kwa furaha, akanikumbatia mimi, nami nikalia. Nililia, Yusra. Nikamlilia mwalimu wa watu.

Tukajaziwa chai ya pili. Ikaja ya tatu. Sadala akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa bahasha ya posa, akainyoosha kwa Valentino, Valentino akanyoosha mkono. Ndipo mlango wa ndani ukafunguka akatoka msichana amevaa kitenge cha kupikia, akasema mbele za watu wote, kwa sauti ya kuita mbuzi, "Bibi, simameni. Nyumba siyo hii."

Nikasema sauti hii naijua, ila mwenyewe yuko angani.

Munira na watu wake walikuwa nyumba ya pili, wanatuona juu ya uzio muda wote. Wametutandikia mikeka, wanatazama tunakunywa chai kwa jirani na kupigiwa vigelegele. Kwa nini hawakutuita? Kwa sababu watu wa mwanamke hawaiiti posa, wataonekana wana njaa. Tulipokwenda hatimaye, mama mtu alikuwa ameshakunja mkeka. Wametutoza mbuzi wa adabu, na wamekubali. Hussein amefurahi, hajui lolote, na mbuzi ni wangu.

Sasa nijibu maswali mawili. La kwanza, unafanya nini Magoma wakati unayumbisha bawa? Nimemwapia Mhina. La pili, ulituona tangu tunavua viatu. Chai ya kwanza ulinyamaza. Ya pili ulinyamaza. Ulikuwa unasubiri nini?

Fatu


Magoma, Korogwe
19 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo, hata kama huipokei.

Nimesimamishwa kazi tangu mwezi wa tano. Nilikuogopa wewe kuliko ofisi, ndiyo maana ya bawa.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunashuka kwenye uwanja mkubwa wa nchi ya mbali, ndege zinafuatana kama siafu. Hali ya hewa ikiwa safi, waongozaji walioko mnarani wanamwambia rubani, ukiuona uwanja, shuka kwa macho yako. Uwanja ule una njia mbili za kutua, zimelala sambamba, zinafanana kama mikono ya mtu. Tuliambiwa ya kushoto. Kapteni Raymond akasema naiona, akaielekea ya kulia. Juu ya njia ile kulikuwa na ndege nyingine imesimama, imejaa watu, inasubiri kuruka.

Mimi nilikuwa kiti cha pembeni yake. Mshale kwenye saa yangu ya kuongozea njia ulikuwa umeegemea upande. Nikajiambia labda mshale una kasoro. Kwenye lami wameandika alama kubwa, niliisoma, siyo yetu. Nikajiambia labda nimesoma vibaya. Kapteni ana miaka thelathini angani, ananiita mwanangu, ndiye aliyenifundisha. Nilifungua mdomo ukabaki wazi tu. Mnara ndio uliotuambia pandeni juu, pandeni sasa hivi, tukapanda. Hakuna aliyeumia. Abiria wengine hawakuacha hata kutafuna karanga.

Sasa kila mmoja anatakiwa aandike alichoona, mwisho tarehe thelathini na moja. Kapteni anasema tuandike jua lilitupiga machoni, sote hatukuona. Nikiandika hivyo, pengine mwezi ujao naruka. Nikiandika kwamba niliona nikanyamaza, yeye ataharibikiwa akiwa amebakiza miezi minane astaafu, na mimi pengine sitaruka tena. Nani atampa ndege mtu aliyeona akakaa kimya?

Umeniuliza nilikuwa nasubiri nini nyuma ya pazia. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aseme.

Yusra


Misima, Handeni
25 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Salome amenisomea mara tatu, mara ya tatu yeye ndiye aliyelia, nikamwambia usilowanishe karatasi ya watu.

Mimi nasema andika jua. Jua halina kazi ya kufukuzwa. Halina watoto, halistaafu, kesho litatoka kama kawaida. Huyo Raymond naye ni mtu mzima, mwache amalize miezi yake akalime. Andika jua, urudi kazini, nipunge kanga. Salome, hapo funga barua.

Asifunge. Kuna jingine.

Sadala juzi ametoka msikitini, watu wakamuuliza habari za Magoma, maana dereva wa Noah ameshazimwaga zote mpaka Chanika. Sadala akawaambia jua lilimpiga machoni, bati lilikuwa linang'aa, angehesabuje. Watu wakampa pole. Mimi nilikuwa napita na ndoo. Siku ile kulikuwa na mawingu, Yusra, mpaka nikajuta kuacha mpunga wa uji nje. Na hakuna aliyempinga, wote wanne tuliokwenda naye, na mimi pamoja na ndoo yangu.

Sasa hili usimwambie mtu. Salome ameshasikia, lakini nitamshonesha gauni asiseme. Pale kwa mwalimu, nilipokaa tu nilinyanyua macho nikaona picha juu ya mlango. Bikira Maria, na taa inawaka chini yake. Namjua, nimekulia jirani na kambi za mkonge, kila nyumba ya pili alikuwepo. Nilimwona kabla chai haijaja. Nikajiambia Waislamu wa bondeni wameendelea. Halafu nikaona rozari shingoni mwa mama aliyenikumbatia. Nikajiambia ni tasbihi, ameivaa asiipoteze. Kila nilichokiona nilikitafutia maelezo, kwa sababu Sadala alikuwa amesimama anasema, na mshenga akisema hakatizwi, na mimi ndiye niliyeng'ang'ania kuja nikiwa mwanamke peke yangu. Ningesema tumepotea, wangesema ndiyo maana mwanamke haendi na posa.

Kwa hiyo nilipokuuliza wewe ulisubiri nini, nilikuwa na uso wa kuuliza kweli? Mimi nilikuwa nje, wewe ulikuwa ndani, na wewe ndiye uliyesema.

Kesho nitamwambia Sadala mbele ya wale wale watu kwamba kulikuwa na mawingu. Atanuna mpaka harusi. Na kwamba picha niliiona nitalisema pia, hata kama watanicheka mpaka Korogwe.

Jua liache. Andika ulichokiona. Ila kwanza mwambie huyo Raymond, asikisikie kwa watu.

Bibi yako,
Fatu


Dar es Salaam (safari hii ni kweli)
6 Agosti 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Nilimpigia Kapteni Raymond kabla sijapeleka karatasi. Akaniambia, "Ungeniambia siku ile." Nikamwambia ndiyo. Akasema basi na yeye atabadilisha yake.

Jana waliniita. Wazee watano mezani, mmoja wao mama. Hawakunifokea. Waliniuliza swali moja tu, "Mkubwa wako akikosea tena, sisi tutajuaje kwamba utasema?" Nina jibu gani? Kila mtu anaweza kusema nitasema. Watakata shauri mwisho wa mwezi, na nimemwona mmoja akifunga jalada kama mtu aliyemaliza.

Yusra


Misima, Handeni
12 Agosti 2024

Kwa Wakubwa wa Ndege,
Dar es Salaam

Waheshimiwa, salaam. Hamnijui. Mimi ni Fatu wa Misima, bibi yake Yusra, na sikusoma, anaandika Salome fundi cherehani, herufi zikipinda ni zake. Yusra hajui kama nawaandikia. Mkimwambia atakasirika, lakini mwambieni.

Nimesikia mnauliza mtajuaje kama mtoto huyu anaweza kumsemesha mkubwa wake anayepotea. Nimeona nyie ni watu wa kutaka shahidi. Shahidi ni mimi.

Tarehe kumi na tatu mwezi wa saba tulipeleka posa Magoma, tukakaa nyumba siyo yenyewe. Tulikuwa wazee watano, wanne wenye kanzu na mimi, na wenyeji kama ishirini. Bahasha ilikuwa tayari imetoka, imebaki hivi, upana wa kiganja, mwalimu wa watu aolewe na mjukuu wangu wa kiume ambaye hawajawahi kuonana. Walioona kwamba tumekosea walikuwa wengi. Jirani waliona. Mimi mwenyewe niliona. Wote tulinyamaza kwa adabu. Mtoto huyu alikuwa amejificha humo ndani, na mtu wa mwisho aliyetaka amwone ni mimi. Akitoka, uongo wake wa miezi miwili unaisha mbele ya kadamnasi. Alitoka. Akamkatiza mshenga, ambaye hakatizwi. Akanikatiza na mimi.

Waheshimiwa, mimi nimezaa saba, nimezika mume, nimegombana na wenyeviti wa kijiji wanne, na hakuna aliyewahi kuniambia simama nikasimama. Siku ile nilisimama na kikombe mkononi. Ulizeni Misima nzima. Hao makapteni wenu nawaheshimu, lakini kama ameniweza mimi, makapteni ni kazi ndogo.

Sisemi hakukosa. Alichelewa. Kwenye posa alituwahi baada ya chai tatu, na nasikia ndege haina muda wa chai tatu. Basi mfundisheni awahi. Kuwahi kunafundishika. Kutoka nje ya ule mlango ndiko sijui mtamfundisha nani.

Na mimi nilidhani makosa yetu ni ya watu wa shamba. Kumbe na nyie mna njia mbili zinazofanana, na mtu mzima anaona ile anayotaka kuiona. Nimefarijika kidogo, samahani.

Nimemaliza. Salome anasema barua ya ofisi ina mwisho wake maalumu, mimi siujui, nasema tu kaeni na amani na mtoto mrudisheni.

Fatu wa Misima
(dole gumba, safari hii nimenawa)


Dar es Salaam
2 Desemba 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Naandika nikiwa na sare mwilini. Walinipa miezi mitatu ya kufundishwa upya, nikaimaliza Ijumaa, na jana nimeruka. Kapteni Raymond amestaafu mapema kwa hiari yake. Amenitumia salamu, anasema analima matikiti. Barua yako yule mama wa mezani aliisoma kwa sauti mbele yangu, mpaka kwenye dole gumba, na sijui niweke wapi uso wangu mpaka leo.

Jana nilikuwa na kapteni mpya kwangu, mama mtu mzima anaitwa Hafsa, mkali, haongei. Tukawa tunashuka kwenye uwanja mdogo wa mkoani, mchana, anga safi. Mnara ukasema shukeni kwa macho. Kapteni akasema naiona njia. Sikusubiri hata pumzi moja, nikamwambia, "Kapteni, samahani, una uhakika ni hiyo?"

Akanitazama. Akatazama saa zake zote, moja moja. Akatazama ramani. Akatazama chini tena, akasema uhakika anao, tukatua salama.

Tulipozima injini akavua miwani, akanigeukia. "Umefanya vizuri, Yusra," akasema. "Na kesho fanya hivyo hivyo. Ila uwanja huu una njia moja tu."

Mjukuu wako,
Yusra